Ndoano ya Kyule

Wavinya alipewa mashine ya kukandia unga na watu aliokuwa akiwapikia Kileleshwa, siku walipofunga virago kurudi kwao ng'ambo. Ilikuwa mashine ya maana, nzito kama mtoto wa darasa la nne, ina bakuli la chuma linalong'aa na kichwa kinachoinuka ukibonyeza kitufe. Pamoja nayo alipewa kile kifaa cha waya cha kupigia mayai na kile bapa cha kuchanganyia keki. Ndoano ya kukandia mkate haikuwepo. Mama mwenye nyumba alifungua droo mbili tatu, akasema labda imeingia kwenye makasha yaliyotangulia uwanja wa ndege, akamkumbatia Wavinya, akaondoka. Kwa hiyo ndoano hiyo iko huko walikokwenda, imelala kwenye kabati la mtu ambaye hajawahi kukanda hata unga wa chapati, na ukiifikiria unashikwa na hasira bure.

Maana Wavinya hakuwa mtu wa keki. Alikuwa mtu wa skonzi. Kazi ya Kileleshwa ilipokwisha, skonzi ndizo zilizobaki. Katika nyumba ya Makongeni ambayo mumewe aliachiwa na baba yake, mtu wa reli, Wavinya alikanda unga ndani ya beseni la bluu kila alfajiri, akaoka, na vibanda vya Jogoo Road vilipofungua skonzi zake zilikuwa tayari chini ya kitambaa, bado zina joto. Lakini miaka ya kupikia watu na kufulia watu ilikuwa imemla vifundo vya mikono. Asubuhi nyingine alishindwa kufungua kifuniko cha mtungi wa maji, akakaa chini akikitazama kama adui.

Alijaribu kutumia alivyopewa. Kile cha waya hakukifikiria mara mbili. Hicho ni cha mayai na krimu, na ukikitia kwenye unga mzito nyaya zinapinda siku hiyo hiyo. Akafunga kile bapa. Kwa siagi na sukari kilikuwa kizuri ajabu, kilizilainisha zikawa nyeupe kabla hajamaliza kupakaza mafuta kwenye trei. Kwa unga wa mkate kilikuwa balaa. Donge lilipanda juu, likajisokota shingoni mwa mashine, mashine ikaanza kuguna na kutoa harufu ya waya unaoungua, ikarukaruka mezani mpaka Wavinya akachomoa plagi huku akiomba radhi kwa sauti, nadhani kwa mashine yenyewe. Unga wa mkate unataka ndoano. Ndoano huuvuta unga, ikaukunja, ikausukuma, tena polepole, na Wavinya alilijua hilo kwa sababu kule Kileleshwa aliitumia kila Jumamosi.

Alizunguka Gikomba kwenye vyombo vya mitumba akatafuta. Alipata ndoano za kila aina, na kila moja ilikuwa ya mashine nyingine. Nyingine tundu lake lilikuwa dogo, nyingine ilikuwa fupi, inazunguka juu ya unga bila kuugusa. Alirudi nyumbani mikono mitupu, amechoka hadi kwenye unyayo, akamweleza mumewe.

Mumewe aliitwa Kyule, na alikuwa mchongaji. Tangu ujana alikuwa amekaa kwenye kigoda, tezo mkononi, akiwatoa twiga na vifaru kwenye magogo kwa ajili ya watalii. Sasa alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, kwa sababu alikuwa na ugonjwa unaoua misuli. Daktari aliwaambia bila kuzungukazunguka: mikono itatangulia, halafu miguu, halafu koo. Dawa ya kuizuia safari hiyo hakuna. Nyama iliyokuwa chini ya kidole gumba cha kulia ilikuwa imekwisha, pamebaki shimo. Tezo lilikuwa limemshinda. Kisu kidogo alikuwa bado anakiweza, kwa kukishika kwa ngumi.

Kyule alikuwa na jambo moja tu alilolitaka, na hakulificha.

"Nimechonga twiga maisha yangu yote," alimwambia mkewe. "Twiga anakaa juu ya meza ya mtu anaangalia ukuta. Kabla hivi vidole havijakufa, Mama Ndinda, nataka kuchonga kitu kimoja kinachofanya kazi."

Ndinda alikuwa binti yao, ameolewa Voi, na hakuwa na habari kwamba baba yake amefikia hapo. Walikuwa wamekubaliana wasimtie wasiwasi akiwa mjamzito.

Kwa hiyo aliposikia habari za ndoano, Kyule alinyooka kwenye kiti.

"Phares wa Kariobangi si anamwaga alumini? Anatengeneza sufuria, anatengeneza vifuniko. Yeye anataka mfano uliochongwa kwa mti tu. Mfano nitauchonga mimi."

"Wewe na hiyo mikono?"

Alijuta kabla sentensi haijaisha. Kyule alimwangalia, kisha akacheka, kicheko kikavu.

"Mimi na hii mikono. Lete bakuli nipime."

Alipima bakuli kwa uzi, akapima shingo ya mashine, akafunga mafundo kwenye uzi ule ili asisahau. Alichagua kipande cha jakaranda, mti laini ambao zamani asingeugusa. Zamani alikuwa akiwacheka vijana wanaochonga jakaranda, anawaambia wakachonge sabuni. Sasa hakucheka mtu. Alikaa mlangoni siku baada ya siku, kipande kimebanwa katikati ya magoti, akikwangua vijisehemu vidogo kama mtu anayemenya viazi. Wavinya akipita na maji alikuwa anageuza uso. Kisu kilimponyoka mara nyingi. Kikianguka, Kyule hakuomba aokotewe. Alijiinamia mwenyewe, akakitafuta sakafuni kwa kiganja, akakipata, akaendelea, na jasho linamtoka mtu aliyekaa kitako.

"Alumini ikipoa inasinyaa," alimweleza mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu waende kwa daktari sauti yake ilikuwa na raha. "Kwa hiyo mti lazima uzidi kidogo. Ukichonga sawa na bakuli, ndoano itatoka ndogo."

Mfano ulipokuwa tayari aliufunga kwenye gazeti. Ulikuwa na makovu ya kisu kila mahali, kwa sababu hakuwa na nguvu za kupiga msasa, lakini umbo lilikuwepo: shingo, tumbo lililopinda, ncha iliyogeuka juu. Wavinya aliuona mzuri. Alisema hivyo, na alisema kwa dhati.

Kariobangi, kwa Phares, mtu anaanza kukohoa kwa moshi kabla hajafika. Phares ni mtu mpole kutoka upande wa magharibi, nyusi zake zimeungua zikabaki mistari miwili, na alimheshimu Kyule tangu siku walipokuwa wote vijana wa kazi. Aliufungua mfano alioletewa na Wavinya, akaugeuza mkononi. Aliuzika kwenye mchanga mweusi ndani ya fremu, akaushindilia, akaufungua mchanga akautoa mti, likabaki shimo lenye sura ya ndoano. Humo akamwaga alumini iliyoyeyushwa kutokana na vipande vya injini na sufuria zilizotoboka. Ilipopoa akaitoboa tundu la kufungia. Wavinya alikuwa ameleta mashine kwenye mkokoteni, ikiwa imevikwa shuka. Wakaifunga ndoano, wakawasha mwendo wa kwanza, ule wa polepole.

Ilikwaruza. Tumbo la ndoano liligusa ukuta wa bakuli kila ikizunguka, na ule mlio ulimwingia Wavinya kwenye meno.

"Imezidi," alisema Phares. Alizima. "Kidogo tu, lakini imezidi. Nikiipiga tupa itabaki nyembamba, mathe. Unga mzito utaivunja."

"Sasa?"

"Sasa ama mzee atoe kidogo hapa kwa tumbo tumwage tena, ama..." Phares alijikuna shingo. Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na ndoano halisi ya chuma, ya mashine kama ile ile, imeletwa na mwoka mikate wa Buruburu anayetaka ya akiba. "Ama niizike hii mchangani nimwage kwa sura yake. Itapungua unywele tu ikipoa, lakini itaingia sawa. Unaenda nayo saa hii."

Wavinya alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Asenath, kiongozi wa akina mama wa kanisani, alikuwa amempa kazi ya skonzi za kongamano la Jumamosi, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na mikono yake ilikuwa imevimba. Hiyo ilikuwa sababu moja. Nyingine ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Akilini alimwona Kyule akiinama kutafuta kisu sakafuni. Alijiona akirudi nyumbani, anamwekea mti ule magotini, anamwambia umekosea. Alimwona akiamini, kuanzia siku hiyo hadi siku ya kuzikwa, kwamba kitu chake cha mwisho kilikuwa kibovu.

"Mwaga na hiyo," alisema.

"Na mzee?"

"Mzee ataambiwa ni yake. Na wewe, Phares, mkikutana, ni yake."

Phares aliangalia chini. "Sawa, mathe. Lakini Kyule si mtu wa kuchezea."

"Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hii. Najua ninachofanya."

Hakujua. Lakini nani alaumiwe? Alikuwa mwanamke aliyechoka, amebeba mgonjwa, mashine na skonzi za kanisa zima, na mtu aliyechoka hushika njia iliyo karibu.

Alirudi na ndoano mpya kwenye mfuko na mfano wa jakaranda chini ya shuka. Kyule alikuwa amelala kidogo kitini. Wavinya aliwasha jiko la makaa uani ili amchemshie maji ya kuoga, na kabla hajajipa nafasi ya kufikiri aliuchukua mti ule akausukuma katikati ya makaa. Aliogopa Kyule atauona na kuupima na bakuli. Aliogopa majirani watauliza. Ulishika moto haraka. Alisimama mbele ya jiko, akaukinga kwa gauni, mpaka pakabaki jivu.

Baadaye akamwogesha, akamvisha shati safi, ndipo akamletea ndoano.

Kyule aliipokea kwa viganja viwili. Alitabasamu kama mtu aliyeletewa mjukuu. Kisha akapitisha kidole gumba cha kushoto, kile ambacho bado kilikuwa na uhai, shingoni, tumboni, mpaka kwenye ncha. Akarudia. Tabasamu lilibaki usoni, lakini Wavinya aliona kama limesahauliwa pale.

"Imetoka laini," alisema.

"Phares ameipiga msasa."

"Aha." Kidole kilipita tena. "Na mfano wangu uko wapi?"

"Uliungua," Wavinya akasema. Lilimtoka tu. "Si wanamwagia chuma cha moto?"

"Kweli," Kyule akasema. "Cha moto sana." Akamrudishia ndoano. "Ifunge basi, tuione kazi."

Aliifunga. Donge la kwanza lilitoka na rangi ya kijivu, kama inavyokuwa alumini mpya, akalitupa, akaiosha ndoano kwa maji ya moto na siki. La pili lilikuwa safi. Mashine ilizunguka polepole bila kuguna, ndoano ikalishika donge, ikalikunja, ikaliachia, ukuta wa bakuli ukabaki safi kabisa. Wavinya alisimama mikono imelegea kiunoni, na machozi yakamtoka kwa kuona kazi inafanyika bila yeye kuumia. Alipogeuka, Kyule hakuwa anaiangalia mashine. Alikuwa anamwangalia yeye.

"Unaona kazi yako, Baba Ndinda?"

"Naona."

Skonzi za kongamano zilikwisha hata chai haijafika meza za nyuma. Asenath alikuja nyumbani mwenyewe, akiwa na kitenge chake cha uongozi, na sifa alizileta mlangoni kwa sauti ya watu wa mtaa mzima kusikia.

"Mzee Kyule! Nimeambiwa ile chuma ni wewe umechonga! Watu wagonjwa wanalala, wewe unatengenezea mama mashine! Bwana asifiwe!"

"Asifiwe," alisema Kyule. "Asante, mama."

Wavinya alijitia kushughulika na vikombe. Alijiambia ameshinda. Mume amesifiwa, mkate umetoka, hakuna aliyeumia. Ila kwa siku kadhaa baada ya hapo Kyule alikuwa na tabia mpya. Kila jioni aliomba kisu chake kidogo. Hakuchonga kitu. Alikishika kwa ngumi, akakiinua, akakiweka juu ya goti, akakiinua tena. Mara nyingine alimwita mkewe, naye akija alimuuliza, "Una neno, Mama Ndinda?" Naye akajibu, "Sina neno, kwani wewe una neno?" Kyule akatikisa kichwa.

Jioni moja kisu kilianguka, na Kyule hakuinama. Wavinya akakiokota. Alipomrudishia, vidole havikufunga. Kyule alivitazama vikiwa wazi juu ya kile kisu, akasema, "Kiweke tu kwenye sanduku." Hakukiomba tena.

Mvua za masika zilipokatika, mikono yote miwili ilikuwa imelala mapajani kama nguo zilizokunjwa. Wavinya alimlisha. Alichovya skonzi kwenye chai, akaiacha ilainike, akampa vipande vidogo kwa sababu koo nalo lilikuwa limeanza. Alikuwa anamlisha hivyo asubuhi moja, kelele za watu wanaokwenda kazini zinapita nje, Kyule aliposema kwa ile sauti yake mpya, nzito na ya polepole:

"Hii ndoano si yangu."

Kijiko kilisimama hewani.

"Baba Ndinda..."

"Nilijua siku ile ile. Yangu ilikuwa na makovu ya kisu, mimi ndiye niliyeyaweka. Alumini inachukua kila kovu. Na mfano hauungui, mke wangu. Unatolewa mchangani kabla ya kumwaga. Nilimchongea Phares mifano ya masikio ya sufuria kabla hata sijakuoa."

Wavinya aliweka kijiko chini. "Kwa nini ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja." Alipumzika, akavuta pumzi. "Nilisema, atakuja aniambie imekataa. Niirekebishe. Vidole vilikuwa bado vinashika kisu wakati ule. Nilikuwa navipima kila jioni, navibembeleza, nasema ngojeni kidogo, mama huyu atasema."

"Niliogopa utavunjika moyo."

"Kukosea?" Kyule alitaka kucheka, koo likamkatalia. "Nimekosea twiga wangapi? Mchongaji akikosea anatoa kidogo. Ilikuwa imezidi wapi?"

"Tumboni."

"Sana?"

Angeweza kumdanganya tena. Angesema ilizidi sana, ilikuwa haifai kabisa, na labda hilo ndilo lingekuwa la huruma. Lakini uongo ulikuwa umemwisha.

"Kidogo tu," alisema.

"Kidogo tu." Kyule aliyarudia maneno hayo akitazama mikono yake. "Hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

Wavinya alianza kulia, kilio kibaya, kisicho na adabu, bega linapanda na kushuka. Alimshika goti. Alisema nisamehe, akasema tena. Kyule hakumwambia amemsamehe wala hajamsamehe.

"Niletee ule mti," alisema. "Phares alikurudishia, namjua, hatupi mfano wa mtu. Niwekee hapa nione pale palipozidi. Nione tu."

"Haupo."

"Uko wapi?"

"Niliuchoma. Siku ile ile. Nilikuchemshia nao maji ya kuoga."

Nje mtu alikuwa anaita skonzi, anataka kujua kama zimeiva. Kyule aliangalia mlangoni, mahali alipokuwa akikaa na kile kipande katikati ya magoti, na uso wake ulikuwa mtupu kwa muda mrefu, mpaka Wavinya akatamani amtukane.

"Uliwaka vizuri?" aliuliza.

"Uliwaka."

"Jakaranda kavu huwaka," alisema Kyule. Kisha akafungua kinywa, kwa sababu chai ilikuwa inapoa na yeye hakuweza kuishika, na Wavinya akachukua kijiko akaendelea kumlisha.